Sufuria ya Kitanda cha Kumi na Nne

Hippolyte alikufa Jumanne, saa moja kasoro asubuhi, akiwa amevaa kiatu kimoja. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha jikoni, anafunga kamba, akaniambia, "Mama Audrey, dirisha." Nilienda kwenye dirisha. Nilipogeuka alikuwa ameinama sana, kama mtu anayetafuta kitu chini ya meza. Mpaka leo sijui alitaka dirisha lifunguliwe au lifungwe. Nililikuta limefungwa, nikalifungua.

Naandika haya kwa sababu mambo ya wiki ile yameanza kunitoka, moja baada ya jingine, na yapo ambayo sitaki yanitoke.

Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Kwa miaka kumi na mmoja alikaa kwenye réception ya hospitali ya jumuiya hapa Butembo, ile iliyo juu, mwisho wa njia ya vumbi inayopanda kutoka sokoni. Hospitali hiyo haina mwenyewe mmoja. Matofali yalitoka kwa Wakatoliki, mabati kwa wafanyabiashara Waislamu, Waprotestanti wakachimba msingi na kuleta maji kutoka kilimani. Kazi yake hakuizungumzia nyumbani. Mimi nilijua vitu viwili tu: kwamba vidole vyake vilirudi jioni vikiwa vyeusi kwa wino, na kwamba mfuko wa koti lake haukukosa sparadra, ile mikanda myeupe ya kubandikia kidonda. Siku moja nilimuuliza kama wamemfanya muuguzi. Alisema, "Ile njo karatasi yangu." Yaani ile ndiyo karatasi yake; nilidhani ananitania.

Tulimzika Alhamisi. Jumamosi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na mashangazi zake wakati Eliane, muuguzi mkuu wa wodi ya wanawake, aliingia na blouse yake ya kazi. Hakukaa. Alichuchumaa mbele yangu.

"Mama Audrey, unisamehe. Ninakuya na haya mu matanga ya mwenzetu. Papa Hippolyte alikuwaka na cahier hapa nyumba? Cahier ya bagonjwa?"

"Hapana. Hakuleta daftari, wala hata karatasi."

"Ata mu koti?"

Koti lilikuwa bado limetundikwa nyuma ya mlango. Hakuna aliyethubutu kuliondoa. Ndani ya mfuko tulikuta bobini ya sparadra iliyobaki nusu, na kalamu nene nyeusi. Eliane alivishika vitu hivyo, akavigeuza, akanirudishia.

"Kuna nini?" nikauliza.

Hapo ndipo alinieleza. Kulikuwa na mama mmoja, mzee, jina lake Kavira. Alikuwa amefika peke yake wiki mbili nyuma, juu ya camion, lori la makaa lililotoka upande wa Beni, akiwa na homa kali. Hakuwa na garde-malade, yaani ndugu wa kulala naye na kumpikia. Alikuwa ameanza kupona. Lakini Jumanne mchana, siku ile ile yetu, damu ilimpanda kichwani, upande wa kuume ukafa, na mdomo ukafungwa. Daktari alisema pengine siku mbili, pengine tatu. Na siku hizo zilikuwa zimeshapita.

"Anatuangalia," Eliane alisema. "Mutu akiingia mu chumba, anamuangalia sana, kisha anageuza macho. Iko mutu anangojea, Mama Audrey. Na sisi hatujue ni nani."

"Kwenye fiche ya kulazwa hakuandika dini yake?"

"Bwana yako? Pale pa dini alipigaka tu mustari. Ya kila mutu."

Sikuwa nimelijua hilo. Eliane alinieleza kwamba mwaka wa kwanza wa hospitali, padri na mchungaji waligombana mbele ya mlango wa chumba cha maiti, kila mmoja na watu wake, na marehemu ndani. Tangu hapo ikawekwa sheria: hakuna kiongozi wa dini anayeitwa bila neno la mgonjwa mwenyewe. Na Hippolyte aliacha kuuliza "Wewe ni wa dini gani?" Aliuliza hivi: "Ukizidiwa, tukuitie nani?" Wengine walitaja padri. Wengine walitaja mdogo wao anayetengeneza radio. Wote waliulizwa, na wote walijibu.

"Alikuwa anaandika wapi hayo majibu?"

"Njo ninakuuliza wewe," Eliane alisema. "Sisi tulikuwa tunamuuliza tu, na anatujibu. Miaka kumi na moja. Hakuna mutu alifikiri kama iko siku hatakuwa."

Shangazi mmoja aliguna. Mwingine aliuliza kama huyo mama Kavira hana hata msalaba shingoni.

"Ni pale sasa!" Eliane akasema, na akakaribia kucheka, akajizuia. "Mama Victoire, ule wa kikundi cha Bakatoliki, anasema ni wetu, juu anaitikiaka rozari yote bila kukosea. Éliakim wa laboratoire anasema hapana, ni Muadventista, juu alikatalaka nguruwe na Sabato hakushona ata kifungo. Mama Zaituni anayeletaka uji siku ya Ijumaa anasema nyote muna wazimu, huyu ni Mwislamu, alinijibu salamu vizuri kabisa. Batatu bote biko pale ku mulango. Kila mutu na viti vyake."

Nilitaka kujua. Siwezi kulieleza vingine. Tangu Jumanne sikuwa nimetaka kitu chochote, hata maji, na sasa nilitaka kujua mume wangu aliandika wapi. Nikasimama.

"Unaenda wapi?" shangazi mkubwa akauliza. "Mujane siku ya tano?"

Kwetu mjane hatoki mpaka matanga yaishe, na hilo halibishaniwi. Mathe, kaka mkubwa wa Hippolyte, alikuwa mlangoni akipokea watu. Yeye ndiye mwenye kauli. Nilimtazama.

"Shemeji, ni kutembea ao ni kazi?"

"Ni kazi yake."

"Basi haukutoka," Mathe akasema. "Unamumalizia. Panda."

Akawasha moto yake, ile pikipiki. Nyuma yetu nilimsikia shangazi akisema, "Angalia ule naye, sheria anazifanya yeye mwenyewe!"

Sikuwa nimewahi kuingia nyuma ya meza ya réception. Nilikaa kwenye kiti chake. Nikafungua droo zote mbili: kulikuwa na fiche tupu, kipande cha sabuni, picha ya binti yetu Audrey siku ya diplome yake. Nikapitia daftari la waliolazwa. Jina, umri, mahali mtu alipotoka, namba ya kitanda, simu ya garde-malade kama yupo. Kavira, miaka sabini hivi, Mabalako, kitanda 14. Kwenye dini, mstari. Hakuna zaidi.

Nikaenda kumwona. Walikuwa wamemhamishia chumba kidogo karibu na wauguzi. Nje ya mlango nilikuta viti vya pande tatu kama Eliane alivyosema, na Mama Victoire na Mama Zaituni wakila karanga kutoka mfuko mmoja huku wakibishana. Kavira alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, mwenye mikono mikubwa. Nilipoingia alinikazia macho. Nilihisi ananipima. Kisha akayageuza ukutani. Aliyemngojea hakuwa mimi.

Nilitoka nje kupata hewa, na harufu ya moshi ikanipeleka jikoni. Jiko la garde-malade ni paa la mabati juu ya nguzo sita, mawe ya moto chini, na wanawake ishirini. Nilisimama pale nikitazama tu. Ndipo nikaona mwandiko wa Hippolyte.

Ulikuwa kwenye ubavu wa sufuria ya maharagi: kipande cha sparadra, na herufi zake nyeusi zilizolala kulia. "Kit. 6. Lusenge, katekista, Musienene." Kando yake sufuria nyingine: "Kit. 9. Dada yake, mshonaji, karibu na rond-point." Nyingine. Nyingine tena. Kila sufuria iliyokuwa motoni ilikuwa na mkanda wake mweupe, mingine imeungua kingo.

Nilimuuliza msichana aliyekuwa anakoroga maharagi, "Wewe ni wa kwa Lusenge?"

"Mie? Hapana, mama. Ni sufuria ya mama yangu. Ile jina ni Papa Hippolyte njo alibandikaka. Aliniambia hapana toa, ata ukiosha."

"Lusenge ni nani?"

"Sijue. Pengine alinunuaka sufuria nyingi, akauzisha."

Wanawake wakacheka. Nilirudi wodini, nikaenda kitanda cha sita. Alikuwa mama wa makamo mwenye mguu uliofungwa.

"Lusenge ni nani kwako, mama?"

"Mutoto ya shangazi yangu. Bwana wa réception aliniuliza nikizidiwa baite nani, mie nikasema Lusenge. Juu ya nini? Nimezidiwa?"

"Hapana, mama. Uko muzuri. Lakini kwa nini aliandika kwenye sufuria?"

"Nilimuuliza vile vile," akasema. "Akasema fiche zinaendaka ku caisse, pa kulipa, zinapotea, telefone inakufa moto ya batri, lakini sufuria ya mugonjwa inalalaka chini ya kitanda yake kila siku. Nikaona huyu ni mutu ana akili." Alitazama kitambaa changu cha msiba. "Banasema alikufa. Ni kweli?"

Nikamwambia ni kweli.

Kwa hiyo jibu la Kavira lilikuwa kwenye sufuria ya Kavira. Eliane alitazama chini ya kitanda cha kumi na nne, ambacho sasa kililaliwa na mwingine. Alitazama kwenye chumba kidogo. Mathe alitazama stoo. Hatukuipata. Jikoni wale wanawake waliacha kucheka, wakaanza kukumbuka kwa pamoja, na katika kelele hiyo jina moja lilirudi mara nyingi: Émérance.

Émérance alikuwa mama wa mtoto wa kitanda cha kumi na moja. Kwa kuwa Kavira hakuwa na mtu, Émérance alimpikia, na alitumia sufuria ya Kavira kwa wote wawili kwa sababu ilikuwa kubwa. Jumatano mtoto alipewa ruhusa, wakarudi kwao Beni. Mmoja alimkumbuka akiwa na sufuria hiyo mkononi, amesimama mbele ya réception, akingoja mtu wa kumwachia. Meza ilikuwa tupu. Jumatano Hippolyte alikuwa amelazwa kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu akingoja kuzikwa, na mimi nilikuwa namkausha usoni maji ya barafu tuliyomwekea.

Namba ya Émérance ilikuwa kwenye daftari. Niliipiga kwa simu ya Mathe. Ilikuwa kama saa tano mchana.

"Sufuria ya Mama Kavira?" Émérance alisema. "Mais mie si mwizi, mama! Niliirudisha kwa mwenyewe."

"Mwenyewe gani?"

"Ule aliandikwa pale juu! Kapinga, mwalimu, Beni. Nikasema, donc ni yake, Kavira aliazima. Niliuliza bwalimu, nikamupata, nikamupa mu mukono. Ni mama moja mukubwa, Mukasai, mutu ya mukoa ya Kasai. Ata hakuniambia aksanti, alianza tu kulia."

"Kulia? Ulimwambia nini?"

Nilisikia kuku, na mtoto akiimba.

"Aliniuliza, na mwenyewe iko wapi. Mie nikasema, mama, tulitoka Jumatano, kitanda ilikuwa utupu." Sauti yake ikashuka. "Si alikufa?"

Hapa kwetu, sufuria ya mgonjwa ikirudi kwa mkono wa mtu mwingine, watu hawaulizi swali la pili. Wanatandika mikeka. Émérance alikuwa amesafiri na sufuria ya mtu mwingine kichwani na mtoto mgongoni, kwa wema mtupu, akampelekea mwalimu Kapinga habari ya kifo ambacho hakikuwepo.

Alinitafutia namba. Eliane alitaka kupiga yeye, na ilikuwa haki yake kwa sababu ndiye muuguzi. Lakini nilikuwa nimeshaishika simu.

Iliita muda mrefu. Aliyejibu alikuwa na sauti niliyoijua, kwa sababu ilikuwa yangu ya siku tano. Nyuma yake watu walikuwa wanaimba.

"Ni Butembo," nikasema. "Ni hospitali."

"Ndiyo, mama." Alivuta pumzi. "Mulishamuzika? Niambie tu. Nilitafuta gari Alhamisi, njia ilifungwa, jana pia. Mulimuzika wapi, nikuye ata kuona pahali?"

"Mwalimu, hatukumzika."

"Iko bado mu morgue?"

"Hapana. Iko mu chumba. Iko muzima, mwalimu. Hasemi, lakini iko muzima. Anaangalia mulango."

Nilimsikia akigeukia watu wake na kupaza sauti kwa namna ambayo nadhani aliitumia darasani.

"Munyamaze! Munyamaze bote! Kavira hajakufa!"

Wimbo ulikatika katikati ya neno. Mtu akapiga kigelegele, mwingine akasema, "Ah, Kapinga, hapana tuchekelea," na mwanaume mmoja akauliza kwa wasiwasi wa kweli, "Sasa ile maharagi yote tunafanya nayo nini?" Kapinga alikuwa anacheka na kulia. Aliniuliza jina langu. Nikampa. Aliniuliza kama mimi ni muuguzi. Nilisema mimi ni mke wa yule wa réception, na sikuongeza kitu.

Mathe alinirudisha nyumbani. Shangazi mkubwa alinisogezea nafasi yangu kwenye mkeka bila kusema neno, kisha akashindwa kuvumilia, akauliza, "Basi? Alikuwa wa dini gani?" Nilisema bado hatujui. Simu ya Mathe iliita mara nne jioni ile. Kila mara moyo wangu uliruka kabla sijakumbuka kwamba hakuna mtu wa kunipigia mimi habari kama ile.

Kapinga alifika Jumapili saa nane, amepakiwa kwenye gari la viazi. Mimi sikuwepo, kutoka mara moja kulitosha. Eliane alinisimulia. Alisema mwanamke mrefu aliingia na viatu vya kazini na vumbi mpaka kwenye nyusi, akapita viti vyote vya mlangoni bila kusalimu. Kavira alimtazama, na hakuyageuza macho. Kapinga alikaa kitandani, akashika ule mkono uliokufa, akaanza kumgombeza kwa Tshiluba, lugha ya kwao Kasai, ambayo Kavira hajui hata neno. Aligomba kwa karibu nusu saa: kwamba alimuaga anaenda kwa mpwa wake Mabalako siku nne, kwamba nani alimwambia apande camion na homa, kwamba sasa watu wa Beni wamekula maharagi ya msiba wake. Eliane aliyajua hayo kwa sababu baadaye Kapinga alimtafsiria yote, kwa fahari kidogo.

Mama Victoire ndiye aliyeuliza. Hangeweza kuondoka bila kuuliza.

"Mwalimu, utusaidie. Huyu mama anasali wapi?"

"Kavira? Alibatizwaka Mukatoliki," Kapinga alisema, na Victoire akainua mikono. "Ngoja, mama, sijamaliza. Mu ile Ebola, kule Mabalako, binti yake alikufa. Bale ba équipe balimuzika na mipira yao mu mikono, mbio mbio, hakuna mutu alifungua mudomo ata kusema Amina. Alikimbilia Beni, akakuwa jirani yangu, na toka ile siku anasema hatachagua tena. Mwenye atakaa karibu naye akasali, naye atasali. Mie ninaendaka misa, anakuya na mie. Jirani yetu ni Mwislamu, akifunga, Kavira anafunga. Siku ya posho, ile Sabato yao, anaendaka kwa Baadventista, anasema banaimbaka muzuri kuliko sisi."

"Na nguruwe?" Éliakim akauliza kutoka nyuma.

"Nguruwe alifugaka makumi tatu. Anasema amebanusa sana, hawezi kubakula."

Eliane aliponisimulia hilo nilicheka kwa sauti, kwenye matanga ya mume wangu, na mashangazi wakanitazama. Kisha nikawasimulia na wao.

Bado nina maswali. Hippolyte alipomuuliza Kavira, yeye alimtaja mwanamke wa mkoa mwingine asiye wa damu yake, na Hippolyte akaandika bila kushangaa, akarudi nyumbani jioni hiyo akala wali na kuuliza kama Audrey amepiga simu. Ni mangapi mengine aliyapokea hivyo? Nilimuuliza Mathe. Alisema tangu utoto ndugu yake alikuwa hivyo, ukimwambia kitu kinaingia, hakitoki. Sikuridhika. Nilimwomba Eliane anisomee mikanda yote iliyobaki jikoni, na nikayaandika majina kumi na tisa. Sita tu walikuwa watu wa dini. Mmoja alikuwa dereva wa camion. Mmoja, kitanda cha pili, alikuwa ameandikwa: "Hataki mtu. Aulizwe tena Ijumaa." Mgonjwa huyo alikuwa ametoka akaiacha sufuria, na sijui kama Ijumaa aliulizwa.

Daktari alikuwa amesema siku mbili, pengine tatu. Kavira alikaa hospitalini wiki tano zaidi. Kapinga alilala sakafuni kando yake mpaka inspecteur wake wa elimu alipompigia mara ya tatu, ndipo akaomba ruhusa ya kumwondoa, wakamshusha Beni kwenye gari la mgonjwa mwingine.

Sasa anaishi kwa Kapinga, kwenye nyumba ya vyumba viwili nyuma ya shule. Hasemi. Anakula kwa mkono wa kushoto, na asubuhi wanamweka nje kwenye jua mpaka kengele ya saa nne, Kapinga anapotoka darasani kumrudisha ndani.